Kichwa au Kitabu

Upara ukimpata mzee, watu husema ni busara inatafuta nafasi. Ukimpata kijana wa miaka 25 kama mimi, asiye na mke wala kazi ya kueleweka, hawasemi kitu. Wanatazama tu, halafu wanatazama pembeni. Kwetu jambo hili ni la ukoo. Babu alikuwa na kipara, wajomba zangu wawili wana vipara, na tangu nimalize kidato cha nne paji langu la uso linapanda mlima kila mwaka.

Basi msomaji, usinicheke nikikuambia kwamba mwaka huu nimesoma sana habari za leza. Hapa mjini kuna muuzaji wa vifaa vya urembo mwenye kofia iliyojaa taa ndogo ndogo nyekundu kwa ndani. Unaivaa nusu saa, mara tatu kwa wiki, na eti nywele zinarudi zote kama ulivyozaliwa nazo! Bei yake shilingi 900,000. Mimi akiba yangu ni shilingi 850,000, niliyoikusanya miaka mitatu kwa kuchapa barua na kutoa fotokopi kwenye kibanda cha mtu, ili niipeleke riwaya yangu kwa mpiga chapa, nakala 200. Kwa hiyo kwangu swali hili si la urembo. Ni kichwa au kitabu.

Kwanza nimtendee haki muuzaji. Mwanga huu si uchawi, na wala si utapeli mtupu. Mwaka 1967, huko Hungaria, daktari Endre Mester aliwanyoa panya migongoni akawamulika kwa leza yenye nguvu ndogo, aone kama itawaletea saratani. Saratani haikutokea. Kilichotokea ni kwamba manyoya ya waliomulikwa yaliota upesi kuliko ya wenzao. Miaka arobaini baadaye, 2007, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu kitana cha leza kiitwacho HairMax LaserComb kiuzwe kwa wanaume wenye upara wa kurithi, na 2011 kwa wanawake. Wataalamu wanadhani kwamba mwanga huo mwekundu, ambao hauchomi wala hauumi, unazisaidia seli za mzizi wa unywele kutengeneza nguvu zaidi, na mzizi uliosinzia unaamka.

Lakini bwana, ruhusa si ahadi. Kwa kifaa cha namna hii, ruhusa ile maana yake ni kwamba hakina hatari kubwa na kinafanana na vingine vilivyokwisha ruhusiwa. Haisemi kwamba wewe utaota nywele.

Tuje kwenye hesabu. Mwaka 2014 yalitolewa matokeo ya majaribio ya kitana hicho kwa watu zaidi ya 200, kwa wiki 26. Wengine walipewa cha kweli, wengine cha bandia, bila kuambiwa ni kipi. Waliotumia cha kweli waliongeza nywele kama 20 katika kila sentimita moja ya mraba, na waliwaacha mbali wenye cha bandia. Sentimita moja ya mraba ni kama ukucha wa kidole cha shahada. Kichwa chenye nywele za kutosha huwa na zaidi ya 100 hapo. Kwa hiyo faida ipo, ila ni ya kuhesabu kwa darubini, si ya kuonwa na mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara. Na gharama za majaribio zililipwa na kampuni inayotengeneza kitana chenyewe.

Kuna jambo jingine lililonifanya niweke kalamu chini. Watu waliochaguliwa kwa majaribio hayo walikuwa wa ngozi nyeupe mpaka ile ya kahawia isiyokolea. Ngozi nyeusi kama yangu haikuingizwa, kwa sababu weusi wa ngozi hunywa mwanga. Sasa hebu fikiria: natakiwa nitoe jasho la miaka mitatu kwa kitu ambacho hakikupimwa kwenye kichwa kama changu!

Dada yangu ndiye aliyetaka tuchange tununue kofia moja tuvae kwa zamu. Yeye ni fundi cherehani, na nywele zake za pembeni mwa paji zimetoka kwa kusukwa na kuvutwa tangu utotoni.

"Kwa hiyo unataka nibaki hivi, mdogo wangu?" aliniuliza.

"Hapana, dada. Nataka ulegeze rasta kwanza. Hiyo ni bure."

Alinuna siku mbili. Lakini ukweli ni huo. Upara wa kuvutwa si upara wa kurithi. Ukiwahi kuacha kuzivuta, nywele zinaweza kurudi zenyewe. Ukichelewa, mzizi unageuka kovu, na kovu halisikii taa. Kabla ya kofia ya mtu yeyote, heri kumwona daktari wa ngozi. Pale Moshi, KCMC, wanafundishwa wataalamu wa ngozi tangu 1992. Si kwamba nchi haina watu.

Kwa hiyo leza inafaa? Kwa mwenye upara wa kurithi ulioanza juzi, mwenye pesa ya ziada na uvumilivu wa kuivaa miaka yote, inaweza kumsaidia kidogo, maana ukiiacha, na nywele nazo zinaondoka. Minoksidili, dawa ya kupaka iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1988, imepimwa kwa miaka mingi zaidi na bei yake ni nafuu, ingawa nayo ukiiacha inakuacha. Kwa mwenye kovu, leza haifai kitu. Kwa mwenye akiba moja tu na ndoto moja, ni ghali mno.

Wajomba zangu wameoa, wamejenga, wamesomesha, na vipara vyao vinang'aa jua likiwaka. Mpiga chapa nimeshamwambia aanze kazi. Ameniomba picha ya kuweka nyuma ya jalada. Nitapiga bila kofia.