Kijiwe Nilichokitia Mfukoni

Wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi mnaokalia madawati yetu sasa, nawaletea habari ya safari yangu ya Afrika ya Kusini mwaka 2019, ingawa sehemu yake yanitia haya.

Nalikuwa Johannesburg kwa kazi. Nikapata siku moja ya kupumzika, nikaenda kuyaona mapango ya Sterkfontein, yapata kilomita 50 kutoka mjini. Mahali hapo pamehifadhiwa, na mwaka 1999 paliingizwa katika urithi wa dunia kwa sababu ya mifupa ya kale iliyogeuka mawe. Tulivikwa kofia ngumu, tukashuka. Mna giza na baridi, na mahali pengine hata mtu mfupi kama mimi huinama. Huko chini nikaona kijiwe chenye kitu cheupe ndani yake. Nikatazama kulia na kushoto, nikakitia mfukoni ili nimpelekee mwanangu.

Mbele kidogo kiongozi wetu akasimama, akatusimulia habari za Bwana Ron Clarke. Mwaka 1994 alikuta mifupa minne ya mguu katika sanduku la mifupa ya wanyama. Baadaye akapata na kipande cha muundi. Kilikuwa kimekatika, maana zamani wachimba chokaa waliupasua mwamba kwa baruti. Basi mwaka 1997 akawapa wasaidizi wake, Stephen Motsumi na Nkwane Molefe, mfano wa kipande hicho, akawatuma pangoni waitafute sehemu ya pili. Hebu fikirini! Pango kubwa, taa za mkononi tu, na alama ndogo ya mfupa katika ukuta wa jiwe. Siku ya pili wakaiona, ikalingana sawasawa. Nyuma yake mlikuwa na karibu mifupa yote ya kiumbe mmoja wa kale wa ukoo wa watu, aitwaye Little Foot. Kuitoa kulichukua yapata miaka 20.

Kijiwe changu kikawa kizito kama nyundo. Tulipotoka nikamwita kiongozi kando, nikampa. Hakunikemea. Alikigeuzageuza, akaniuliza neno moja tu:

"Ulikiokota wapi hasa, bwana?"

Nikajaribu kukumbuka. Kabla ya lile ziwa la chini, au baada yake? Sikujua. Alinitazama kidogo, akakifunga katika karatasi, akaenda zake.

Mwanangu nilimnunulia kofia.