Machozi ya Kuazima: Filamu ya Star Trek Into Darkness na Neno kwa Bi Harusi

Leo hatuzungumzii hina wala udi. Tunazungumzia filamu ya vyombo vya anga, na tunajua wengine mmeshaanza kucheka. Chekeni, lakini msiondoke, maana ndani yake mna jambo la mke na mume ambalo huenda hata somo wako hajakwambia.

Sisi ni ndugu watatu wa tumbo moja, tunashona shela. Msimu wa harusi tunatia shanga mpaka usiku mkubwa. Macho yakishachoka na usingizi bado haujaja, tunawasha televisheni. Wenzetu wanatazama tamthilia za Kituruki. Sisi mkubwa wetu alitutia mapenzi ya Star Trek tangu tuko wasichana, na mpaka leo hatujapona.

Kilichotuvuta mwanzo ni jina. Ndani ya chombo kiitwacho Enterprise, afisa wa mawasiliano ni mwanamke mweusi anayeitwa Uhura, na jina hilo limetoka kwenye neno letu wenyewe, uhuru. Kuanzia mwaka 1966 alichezwa na Nichelle Nichols, zama ambazo mwanamke mweusi kwenye televisheni ya Marekani mara nyingi alipewa kazi ya utumishi wa ndani. Mwenyewe alisimulia kwamba alitaka kuacha, na Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1967, Uhura anafutwa kumbukumbu, na anapofundishwa kusoma upya maneno ya Kiswahili yanamtoka. Hadithi ilipoanzishwa upya mwaka 2009 na mwongozaji J.J. Abrams, Zoe Saldaña ndiye aliyechukua nafasi ile, na hapo jina lake la kwanza likatamkwa kwenye filamu: Nyota. Mtu wa kwetu akisikia Nyota Uhura, atabadilishaje stesheni?

Basi sehemu ya pili, Star Trek Into Darkness, ilipotoka mwaka 2013 tuliingoja kama watu wanavyoungoja mwezi. Ambaye hajaitazama ajue kwamba tutasimulia mpaka mwisho.

Tulichokikataa

Adui wa filamu hii ni Khan, mtu aliyetengenezwa awe na nguvu na akili kuliko binadamu wote, akagandishwa usingizini miaka mingi. Jina lake kamili ni Khan Noonien Singh, jina la Kihindi waziwazi. Zamani alichezwa na Ricardo Montalbán, mzaliwa wa Mexico. Safari hii akapewa Mwingereza, Benedict Cumberbatch. Anacheza vizuri na sauti yake inatisha, lakini uso na jina havikupatana hata kidogo.

Kuna pia pale mwanasayansi msomi, Carol Marcus, anapoonyeshwa na nguo za ndani, wala hadithi haihitaji jambo lile. Mmoja wa waandishi wa filamu, Damon Lindelof, aliomba radhi hadharani baadaye. Sisi tulipeleka mbele, na hatukukosa kitu.

Hayo tungeyasamehe. Lililotukera hasa ni kifo cha nahodha Kirk.

Mwaka 1982 ilitoka filamu iitwayo The Wrath of Khan. Mwishoni mwake Spock anaingia kwenye chumba chenye mionzi ili kukiokoa chombo, anafia humo, na rafiki yake Kirk yuko nje ya kioo, hawawezi hata kushikana mikono. Aliyeitazama bila kulia ana roho ngumu. Into Darkness imekichukua kifo kilekile na kukigeuza. Safari hii anayeingia ni Kirk, na anayelia nje ya kioo ni Spock. Kioo ni kilekile, na hata ukelele wa kulitaja jina la Khan ni uleule, ila umetiwa katika kinywa kingine.

Sisi mafundi tunalijua jambo hili. Bi harusi anakuja na shela ya mama yake, anataka aishonewe kama ilivyo. Mama alikuwa mrefu, mabega mapana, na binti ni mdogo wa umbo. Ukikata kwa kigezo cha mama bila kumpima binti, nguo itakuwa nzuri ikiwa kwenye hanga na itamcheka siku ya kuvaa. Kirk na Spock wa zamani walikuwa na miaka 16 machoni mwa watu, vipindi 79 vya televisheni na filamu moja, kabla ya kile kioo. Hawa wapya walikuwa na filamu moja tu, na sehemu kubwa yake walikuwa wakigombana. Urafiki wao bado ulikuwa unakatwa kitambaa. Wakavishwa machozi ya wazee, na nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Halafu Kirk hakai kwenye mauti. Daktari McCoy anamtia damu ya Khan, na baada ya wiki mbili anafumbua macho kitandani, anatania. Tunajua ni hadithi tu, na Spock wa zamani naye alirudishwa katika filamu ya mwaka 1984. Lakini kurudi kwake kulimgharimu Kirk mtoto wake wa kiume na chombo chake. Hapa hakuna aliyelipa. Nasi tumeosha maiti wa kwetu kwa mikono yetu, tunajua mlango ule haufunguliwi kwa sindano. Filamu inayotaka tulie, kisha ifute kifo kabla machozi hayajakauka, imetuona watoto.

Tulichobaki nacho

Sasa njooni kwenye lile tulilowaitia, maana filamu hii ina dakika chache ambazo hazikuazimwa popote.

Uhura na Spock ni wapenzi. Mwanzoni mwa filamu Spock anashuka ndani ya volkeno ili kuokoa watu wa sayari ile, mambo yanaharibika, naye anakubali kufa kwa utulivu kabisa. Kirk anavunja kanuni kubwa ya kazi yao ili kumtoa. Baadaye, wakiwa kwenye chombo kidogo wanaelekea kwenye sayari ya maadui, Uhura anashindwa kuvumilia. Anamwambia kwamba kule alikuwa tayari kufa bila kumfikiria yeye, wala kitakachompata akibaki peke yake.

Spock anajibu kwamba hukumwelewa. Alipokuwa akiyapitia mawazo ya mkubwa wao aliyekuwa akikata roho, aliuhisi woga wake na upweke wake. Hisia zile alikwisha kuzijua siku sayari yake ilipoangamia, na akaamua hatazihisi tena. Kwamba amechagua kutohisi, anasema, si dalili kwamba hajali. Ni kinyume chake.

Tuliposikia hivyo, mdogo wetu alizima sauti. Mume wake alifiwa na mama yake mwaka wa pili wa ndoa. Alibeba jeneza, akasimama kaburini, akarudi kuwahudumia wageni chakula, na hakudondosha chozi. Watu wakasema ana moyo wa jiwe. Na mdogo wetu akawa analala na swali: kama hakumlilia mama yake, mimi nikifa je? Swali lile alikaa nalo miezi, na nyumba ikapoa. Usiku ule wa filamu alirudi kwake akamuuliza, kwa upole, wakiwa wawili. Aliyojibiwa ni yake na mumewe, hatuyaandiki hapa. Tunachoweza kusema ni kwamba sasa anajua.

Kwa hiyo, wewe ambaye tunakupima shela wiki hii, sikiliza. Utaolewa na mtu ambaye hakulelewa na mama yako. Pengine ni mwingi wa maneno, pengine akiumia anakwenda kukaa pwani peke yake. Usimkatie kwa kigezo cha shemeji yako, wala cha wanaume wa kwenye tamthilia. Na usimhukumu kwa ukimya wake kabla hujamuuliza. Jambo moja tu usiwaige wale wawili: waligombana mbele ya Kirk, maskini nahodha wa watu hajui atazame wapi. Ya ndani yasemwe ndani.

Na Nyota wetu hakuishia kulalamika. Muda mfupi baadaye anashuka peke yake mbele ya Waklingoni wenye silaha na kusema nao kwa lugha yao, ingawa mazungumzo yaliishia vitani. Mwishoni, Spock akiwa amepandwa na hasira, anampiga Khan na anataka kumuua, Uhura ndiye anayemzuia, kwa sababu damu ya mtu yule ndiyo itakayomwokoa Kirk. Mwanamke aliyelalamika kwamba mtu wake hahisi, ndiye anayemshika mkono siku hisia zilipomshinda. Kwa sehemu hiyo tunaisamehe filamu mengi, na tutaitazama tena msimu huu tukiwa na shanga mapajani.

Mwenyezi Mungu azitie utulivu nyumba za wanaoolewa mwezi huu, na awape waume wanaoulizika na ndimi laini za kuulizia. Amin.