Nauli ya Siku za Tope



Leo nataka kukueleza habari ya hukumu niliyoitoa mimi mwenyewe, nikaitoa kwa kufuata kitabu, na mpaka leo haijanitoka kooni. Nakuomba uvumilivu, kwani siwezi kufika kwenye hiyo hukumu kabla sijakueleza watu wenyewe ni nani na kazi yao ni kazi gani. Sisi watu wa vyuoni tuna ada ya kuwahukumu watu wa barabarani hali tumekaa juu ya mkeka, na hiyo peke yake ilikuwa nusu ya kosa langu.

Ninakaa Katesh, chini ya mlima Hanang. Kwetu asili ni Kondoa, ndiko nilikosoma, kisha nikaletwa huku kusomesha watoto, na mvi zangu zote zimenitokea hapa. Katesh ni mji wa njiani. Barabara itokayo Babati kwenda Singida inapita katikati yake, na watu wake ni mchanganyiko: Wairaqw, Wabarabaig, Wanyaturu, Warangi kama mimi, na wachuuzi waliokuja kutoka kila upande. Sisi Waislamu ni wachache, lakini twaishi na wenzetu vizuri, twazikana na kualikana.

Sasa wewe msomaji, unapopanda teksi huenda wadhani kuwa yule aliyeshika usukani ndiye mwenye gari. Mara nyingi sivyo. Gari ni la tajiri, na tajiri yuko dukani kwake, au yuko Arusha, na dereva ni lazima kila jioni apeleke hesabu. Hesabu haijui mvua wala msiba. Dereva akishaitenga, anunue mafuta, ampe mpiga debe chake, atoe ushuru wa kituo, akutane na trafiki ambaye ameona taa moja haiwaki, na kinachobaki ndicho anachorudi nacho kwa mkewe. Iko siku hakibaki kitu, naye hukopa kwa mwenziwe apate kukamilisha hesabu, kwa sababu akikosa siku tatu mfululizo atanyang'anywa ufunguo. Pale kijiweni hawakosekani madeiwaka, yaani vibarua wa siku wanaomshikia mwenye gari akienda kula, nao wanamtazama kama kunguru anavyomtazama mchinjaji. (Neno hili deiwaka silipendi, lakini sina jingine.)

Tena ziko pikipiki. Zamani mgonjwa wa kijijini hakuwa na njia ila gari. Tangu zilipotoka kanuni za mwaka 2010 za kuzipa leseni pikipiki na bajaji zibebe abiria, dereva wa teksi amebaki na mwenye mizigo, mwenye mgonjwa, mwenye maiti, na siku za mnada. Sisemi kuwa ni vibaya, riziki ina Mgawaji wake. Nasema tu kwamba ugomvi mwingi wa kijiweni ambao sisi wapita njia tunauita utovu wa adabu, chanzo chake ni watu kumi kungojea abiria watatu.

Katika hali hii ndipo baadhi ya madereva wa hapa walipokaa wakasema: kwa nini tuwe watumwa wa hesabu maisha yetu yote? Kila mtu atoe shilingi elfu moja kwa siku, tununue gari letu, hesabu ije kwetu wenyewe, na likipatikana la pili na la tatu tutakwenda kuandikishwa kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Walikuwa watu 23. Wakanijia niwe mlezi wao.

Sikuwakubalia siku ile. Mimi ni mtoto wa zama za ushirika. Nimekua nikisikia sifa za chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoandikishwa mwaka 1933, na nilikuwa kijana mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa nchi nzima. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, lakini imani ya wazee haikurudi pamoja navyo. Baba yangu mpaka anakufa hakuamini sanduku lolote ambalo ufunguo wake hauko kwenye kikoi chake. Kwa hiyo niliwapa sharti: sanduku liwe na kufuli tatu, ufunguo mmoja kwa mweka hazina, mmoja kwa mzee wa kanisa, na mmoja kwangu, lisifunguliwe ila sote watatu tuwepo. Wakakubali. Na sharti jingine likawa juu ya mikopo, maana walitaka mtu akikopa elfu hamsini arudishe sitini. Nikawaambia hiyo ni riba, haitakuwa na mlezi. Tukafanya hivi: mwanachama akihitaji tairi au betri, chama kinainunua, kisha kinamuuzia kwa bei inayojulikana tangu mwanzo, naye analipa kidogo kidogo, wala bei haizidi akichelewa. Mzee wa kanisa alicheka akasema tairi hiyo na mkopo ule ni ndugu wa baba mmoja. Nikamwambia hata ndugu wa baba mmoja hawarithi sawa kama mama zao ni mbalimbali. Tulibishana naye mwezi mzima, na twaheshimiana mpaka leo.

Jambo moja lao lilinifurahisha sana. Waliweka kanuni kwamba anayekwenda kusali Ijumaa, au kanisani Jumapili, zamu yake kwenye foleni haipotei. Akirudi anarudi mahali pake. Hiyo waliitunga wao wenyewe, mimi sikuwafundisha.

Basi gari likanunuliwa, Noah iliyokwishatumika, na ikawekwa zamu. Dereva wa zamu analeta hesabu ya shilingi elfu ishirini kila jioni ndani ya sanduku. Mwishoni mwa mwaka 2023 zamu ilikuwa ya kijana mmoja Mwiraqw, mpole, mwenye watoto wawili. Jina lake silitaji, kwa kuwa mwenyewe hapendi kusemwa.

Asubuhi ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, mlima ulitushukia. Waliochunguza walisema baadaye kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ikameguka. Kwetu sisi ilikuwa ni sauti tu, kisha tope, mawe makubwa na magogo mazima, yakipita juu ya nyumba na maduka. Watu zaidi ya 80 walikufa, hapa mjini na katika vijiji vya jirani. Nimeosha maiti tangu ujana wangu, lakini siku ile tulikuwa tunaosha tope kwanza ndipo tujue kama ni mwanamume au mwanamke. Sitasema zaidi.

Yule kijana alilitoa gari. Aliliegesha pale tope lilipoishia, na kila aliyechomolewa akiwa hai alipakiwa akapelekwa hospitali, na waliokufa vilevile. Siku zilizofuata akawabeba waliopoteza makao kwenda kwenye shule walikohifadhiwa, akawapeleka jamaa kutambua maiti wao, akawapeleka maziko. Siku nane. Hakuchukua nauli ya mtu. Mafuta alinunua kwa fedha yake, na zilipokwisha akakopa. Siku ya tisa akalileta gari kijiweni, viti vimeoza kwa tope na damu, akakabidhi ufunguo, bila hesabu.

Mwezi uliofuata chama kikakaa. Hesabu za siku nane ni shilingi 160,000. Kubadilisha viti ni 70,000. Jumla 230,000. Mweka hazina akasoma kanuni: siku isiyo na hesabu ni deni la dereva. Mwingine akasema siku zile hata angekaa kijiweni asingepata abiria, barabara zenyewe zilikuwa zimezibwa. Mwingine akasema ubavuni mwa kijiwe matajiri wawili wamewasamehe madereva wao. Akajibiwa kwamba tajiri anasamehe kwa sababu ni tajiri, sisi ni maskini, fedha hii ni ya tairi za watoto wetu. Maneno yakawa makali. Mwisho wakasema, tumuulize shehe.

Ndugu msomaji, mimi nilijibu palepale. Nilisema, mali ya shirika iliyo mkononi mwa mmoja ni amana. Mwenye amana hadaiwi kinachoharibika mkononi mwake ila kwa taadi au taksiri, yaani akipita mpaka au akizembea. Na mshirika hana ruhusa ya kutoa sadaka katika mali ya wenziwe bila idhini yao. Alichofanya ni chema, ujira wake uko kwa Mungu, lakini alitoa kisichokuwa chake. Na wanazuoni wetu wanasema dharura humwondolea mtu dhambi, wala haifuti haki ya mwenye mali. Kwa hiyo deni ni deni, alipe kidogo kidogo.

Watu waliridhika, maana nilinena kwa ufasaha. Kijana alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Alisema, "Sawa, mwalimu," akatoka.

Alilipa. Alikwenda Babati akawa deiwaka, na kila mwezi alimpa mtu wa basi bahasha atuletee. Miezi saba ikapita, deni likaisha, mweka hazina akapiga mstari katika daftari. Kijana hakurudi.

Nami nisingefikiri tena lolote lau si mtoto. Nilikuwa nasomesha wanafunzi wakubwa mlango wa shirika, nikafika palepale, kwamba mshirika hatoi sadaka bila idhini ya wenziwe. Mmoja wao, mtoto wa miaka kumi na mitatu, akauliza, "Mwalimu, na kama hawakuwapo kuulizwa, wakaja kuulizwa baadaye wakaridhia?" Nikamwambia, wakiridhia baadaye inafaa, idhini ya nyuma ni kama ya mbele. Akasema, "Kumbe." Akaandika.

Nilifunga kitabu nikawaruhusu mapema. Nilikuwa naijua mas'ala hiyo tangu Kondoa, nikiwa na umri kama wake. Siku ile ya kikao walikuwapo watu 22 mbele yangu, na hapana hata mmoja niliyemuuliza kama anaridhia. Waliniomba hukumu nikawapa hukumu, kama mwenye duka. Sulhu ilikuwa mlangoni imeshika kofia, sikuiona. Hukumu yenyewe sidhani ilikuwa na kosa la kitabu, ningeweza kuitetea mbele ya kadhi yeyote, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Niliomba kikao. Niliwaeleza kama nilivyokueleza wewe, bila kujipunguzia. Kisha nikamuuliza kila mmoja kwa jina: lau kijana angekupigia simu asubuhi ile, amesimama penye tope, akakuomba ruhusa, ungemwambiaje? Wa kwanza alikuwa mweka hazina. Alikaa kimya muda, akasema, "Ningemwambia apakie." Wakajibu vivyo hivyo wote 22, hata yule aliyesema habari ya tairi za watoto, ambaye alijibu huku anatazama chini, kwani nduguye alipita ndani ya gari lile. Wakakubaliana shilingi 230,000 zitoke katika sanduku, zirudishwe. Tukafungua kufuli tatu.

Nilizipeleka mwenyewe. Nilimkuta stendi ya Babati ndani ya Probox ya mtu, anangojea zamu. Aliposhuka alinipa shikamoo kama kawaida, wala hakunionyesha uso wa hasira, na ingekuwa nafuu kwangu kama angenionyesha. Nikamweleza. Nikamwomba radhi, nikamwomba arudi. Akasema suala la kurudi atazungumza na mama watoto, kwa sasa yuko foleni.

Akapokea bahasha akazihesabu pale pale juu ya boneti, noti baada ya noti, kama dereva yeyote ahesabuvyo. Kisha akauliza, "Mwalimu, hizi zimetoka kwa wanachama wote?" Nikasema, wote. "Wanachama ni 23?" Nikasema ndiyo, kwa kuwa jina lako hatukulifuta. Akafikiri kidogo, akatoa noti ya elfu kumi akaitia mkononi mwangu.

"Hili ni fungu langu," akasema. "Na mimi nimeridhia."

Abiria wa zamu yake alikuwa amefika, mwanamke mwenye magunia mawili ya vitunguu. Akaenda kumpakilia.