Ermanaric na Watoto Waliovuka Danube

Sisi wazee hupenda kuulizana tutakumbukwa vipi. Kwa umri nilio nao, habari za mfalme Ermanaric zinanigusa kwa sababu hiyohiyo, ingawa si yeye ninayemlilia.

Alitawala Wagothi wa mashariki, kaskazini mwa Bahari Nyeusi, katika karne ya 4. Ammianus Marcellinus, askari wa Kiroma wa zama zilezile, aliandika kwamba majirani walimwogopa kwa ushujaa wake. Wahunni walipofika juu ya farasi zao, mfalme alijikaza kwa muda mrefu, kisha hofu ya maafa yaliyokuwa yakija ikamshinda, akajiua. Mrithi wake, Vithimiris, aliuawa vitani, na utawala ukamwangukia mtoto mdogo, Viderichus, chini ya walezi wawili. Huo ndio urithi aliouacha mzee yule.

Mwaka 376 Wagothi wakafurika kwenye mto Danube kuomba hifadhi. Watervingi, yaani Wagothi wa magharibi, waliruhusiwa kuvuka. Watu wa Viderichus walikataliwa, wakavuka kwa siri. Waliopokelewa walikuta njaa. Maofisa wa Kiroma waliwakusanyia mbwa wa kula, na kila mbwa alilipiwa kwa mtu mmoja aliyechukuliwa utumwani, wakiwemo watoto wa wakuu wao. Ninaposoma hapo hasira hunipanda, hata baada ya karne zote hizi. Sishangai kwamba tarehe 9 Agosti 378, huko Adrianople, makundi yote mawili yalipigana pamoja na Kaisari Valens akafa.

Washairi na wasimulizi wa baadaye walikumbuka mengine. Kwa mwanahistoria Jordanes, aliyeandika mwaka 551, Ermanaric alimrarua kwa farasi mwanamke aitwaye Sunilda, akachomwa ubavuni na kaka za mwanamke huyo, akafa na miaka 110. Wanorse walimfanya mwanamke huyo mke wake, Svanhild, wakaongeza kwamba mfalme alimnyonga mwanawe mwenyewe. Wajerumani walisema alimfukuza Dietrich, shujaa wa hadithi aliyetokana na mfalme wa Wagothi Theodoric, mtu aliyezaliwa miongo mingi baada ya kifo cha Ermanaric! Kwa Wanorse na Wajerumani hao, Wahunni si tena waliomwangusha. Msiba wa taifa zima umekuwa ugomvi wa nyumba moja.

Simtetei mfalme. Lakini mashairi yaliyotufikia yanajua kila dhambi ya mzee huyo, na hayamtaji hata mtoto mmoja aliyebadilishwa kwa mbwa. Kizazi hicho ndicho kilichobeba gharama, na ndicho ambacho ningetaka kusikia kikiimbwa.