Mzee wa Soda

Msomaji, kama hujawahi kugawana bia mbili watu watatu, basi hapa tutapotezana kidogo. Mwaka 1996 sisi tulikuwa mabingwa wa mchezo huo. Tulikuwa tunakaa Sinza, kazi za kuungaunga, na kila mmoja ana riwaya ambayo "imebaki kidogo tu iishe". Mwisho wa mwezi tunachangishana, tunateremka Kariakoo, ukumbi wa DDC, kuwasikiliza Mlimani Park, wenyewe Sikinde. Tunaagiza Safari ya moto. Ya baridi inateleza yenyewe, umeme ukikatika umeshaimaliza. Ya moto unabembelezana nayo mpaka bendi inakwenda kupumzika. Baamedi walitujua. Walikuwa wakituona mlangoni wanageukia upande wa pili.

Wa nne wetu hakuwa akinywa. Tulimwita Mzee wa Soda, ingawa ndiye mdogo kuliko wote. Si dini, si vidonda vya tumbo. Alisema ladha yake haipendi, basi. Alikaa na Fanta moja na mrija usiku kucha, nauli zetu amezificha kwenye soksi, na daftari la mraba mapajani anaandika nani anamdai nani. Sisi tulizungumza habari za kuandika. Yule mchizi alikuwa anaandika.

Usiku mmoja soksi ilitoboka. Nauli ikabaki mahali fulani kwenye sakafu ya DDC, nasi tukashika njia kwa miguu: Fire, bonde la Jangwani, Magomeni Mapipa. Pale Jangwani giza lilikuwa la kukata kwa kisu, kwa hiyo tuliimba kwa nguvu ili vibaka wadhani tuko wengi. Mshikaji wetu mmoja, Mrefu, aliona askari amesimama kando ya barabara, akampigia saluti na kumweleza kwa heshima zote kwamba sisi ni watu wema. Alimweleza kwa muda. Ulikuwa mti.

Manzese tulimkuta mlinzi amekaa mbele ya duka, rungu magotini. Mmoja wetu akavua viatu akataka kumuuzia, tupate nauli ya daladala. Saa tisa usiku, daladala gani? Mlinzi akavivaa, akatembea hatua tatu kwa makini kama yuko Bata, akavivua. "Vinabana." Muuzaji akakasirika kweli kweli. Anadharauliwa! Akadai aombwe radhi, na yule mzee, mwenye rungu lake, akaomba radhi. Tukafika Shekilango tukiwa bado tunacheka, wengine tumekaa chini barabarani.

Sasa, viatu vilikuwa vya nani? Hapo ndipo Mzee wa Soda alipokuwa na kazi yake. Kila tukikutana miaka iliyofuata, kila mtu alisimulia usiku ule yeye akiwa ndiye shujaa na mwenzake ndiye kituko. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, akavuta mrija, akasema, "Hapana bwana," halafu akaupanga usiku mzima upya, nani alianguka wapi, nani alilia. Tulikuwa tunachukia. Hadithi zake zilikuwa fupi kuliko zetu na zilichekesha zaidi.

Alifariki 2019. Msibani, Mbagala, tulikaa kwenye mikeka nje tukaanza za Kariakoo, maana msiba wa bongo bila vicheko vya usiku haukamiliki. Tulipofika kwa mlinzi, wote tukanyamaza kidogo, tukisubiri ile "hapana bwana". Kikombe cha kahawa kikapita. Mtu mmoja akakohoa. Mrefu akaendelea kwa sauti ya chini, akafika mwisho, na hakuna aliyembishia, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Daftari nilimuulizia dada yake. Alisema labda liliungua na karatasi nyingine walipohama.

Mrefu anashikilia kwamba viatu vilikuwa vyangu. Ananyoosha ule mguu wake, namba kumi na moja, anauliza: "Hiki kingembana nani?" Namjibu kwamba yule mlinzi alikuwa jitu.