Marehemu Lorna Laboso na Kiti cha Sotik

Katika nchi ya chai, tangu Kericho hata Sotik na Bomet, wako wengi waikumbukao Jumanne ya tarehe 10 Juni 2008. Mchana wa siku ile habari ilienea kwamba eropleni ndogo iliyotoka Nairobi kwenda Kericho imeanguka Enoosupukia, katika nchi ya Narok, na ya kuwa watu wote wanne waliokuwamo wamekufa. Wawili kati yao walikuwa Bwana Kipkalya Kones, Waziri wa Barabara na Mjumbe wa Bomet, na Bibi Lorna Chepkemoi Laboso, Mjumbe wa Sotik na Waziri Mdogo wa Mambo ya Ndani.

Bwana Kones alikuwa mtu wa siku nyingi katika siasa, naye watu walikwisha kumzoea, wampendao na wasiompenda. Lakini Bibi Lorna ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Alichaguliwa Desemba 2007, akapewa kazi ya Uwaziri Mdogo katika Aprili 2008, na kabla miezi miwili haijatimia akafa. Mkulima apandaye mche wa chai hungoja miaka kadhaa kabla ya kuchuma sawasawa. Watu wa Sotik hawakupata hata kuujua mche wao utatoa majani ya namna gani. Huenda hilo ndilo lililowauma zaidi. Aliyefanya kazi nyingi huacha kazi zake za kumsemea, bali aliyekatwa mapema huwaachia watu kukisia tu.

Na safari yenyewe ilizaliwa na msiba mwingine. Tarehe 31 Januari 2008, wakati nchi ilipokuwa ikiwaka moto baada ya uchaguzi, Bwana David Kimutai Too, Mjumbe wa Ainamoi, alipigwa risasi na askari wa barabarani huko Eldoret. Kiti chake kilikuwa kijazwe kwa uchaguzi mdogo tarehe 11 Juni, na hao wawili walikuwa wakienda Kericho kwa ajili ya uchaguzi huo. Basi kifo kimoja kikavuta vingine. Kura zilipigwa kesho yake kama ilivyopangwa, na watu wa Ainamoi wakapanga mstari huku nyumba za jirani zina matanga. Majani ya chai nayo hayangoji: yakishachumwa, majani mawili na chipukizi lake, sharti yafike kiwandani siku ile ile ama yataharibika. Wanawake wengi walilia na vikapu mgongoni.

Ilipofika tarehe 25 Septemba 2008, Bomet na Sotik walichagua upya. Bomet walimchagua Bibi Beatrice Kones, mjane wa marehemu. Sotik walimchagua Bibi Joyce Cherono Laboso, ndugu yake Lorna, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Egerton. Wako walionung'unika kwamba kiti cha Bunge si ng'ombe wa urithi, na neno hilo lina haki yake. Walakini Joyce hakukaa pale kwa machozi ya watu tu. Mwaka 2013 alichaguliwa tena, akawa Naibu wa Spika wa Bunge la Taifa. Na mwaka 2017 akawa Gavana wa Bomet, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kupata cheo hicho katika Kenya.

Kwa desturi ya Kipsigis, Chepkemoi ni jina la msichana aliyezaliwa usiku, na Cherono ni la yule aliyezaliwa jioni, mbuzi wanaporudi nyumbani. Kila Joyce aliposimama mbele ya mkutano Sotik, wazee walioketi mbele waliona majina mawili badala ya moja.

Katika mwaka 2019 Joyce alikuwa akiugua kansa. Alitafuta matibabu Uingereza, kisha Uhindi, akarudi Nairobi, na huko akafariki tarehe 29 Julai, umri wake miaka 58. Alizikwa Fort Ternan, nyumbani kwa mumewe, upande wa Kisumu, mahali ambapo mashamba ya miwa yanapakana na vilima vya Kericho.