Mama Alidhani Ni Damu Yake

Mwaka 2019 dada yetu mkubwa, wakati huo ana miaka 54, alipasuliwa saratani ya titi hapa Leicester. Uvimbe ulitolewa, na tezi za kwapani zilikutwa safi. Likabaki swali moja: apewe kemo, zile dawa zinazopukutisha nywele, au asipewe? Daktari akasema kipande cha uvimbe kitapelekwa maabara ya California kikapimwe jeni.

Sisi wadogo zake tukampigia Mama, Tanga. Aliposikia neno jeni akanyamaza, kisha akasema, "Basi ni mimi niliyempa." Kwa wiki mbili kila tukipiga simu alijibu kwa mkato. Nasi hatukuwa na la kumwambia, maana hata sisi tulidhani jeni ni habari za ukoo tu.

Muuguzi ndiye aliyetufumbua macho. Karibu kila seli ya mwili ina jeni zile zile, ila si zote zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Ni kama nyumba yenye taa kila chumba: ukipita usiku, huoni taa ngapi zimefungwa, unaona zipi zinawaka na kwa ukali gani. Kipimo kile, Oncotype DX, hutazama jeni 21 ndani ya uvimbe wenyewe: 16 zinazohusu saratani na 5 za kulinganishia. Hupima kila moja inatumika kiasi gani, kisha hutoa alama kati ya 0 na 100.

Dada alipata 17. Mwaka 2018 utafiti wa TAILORx, wa wanawake zaidi ya 10,000, ulikuwa umeonyesha kwamba kwa saratani ya aina yake, waliopita miaka 50 wenye alama 11 hadi 25 hawaongezewi faida na kemo. Tiba ya homoni inatosha. Akaanza vidonge, nywele zake zikabaki.

Lakini tusijisahau. Wengi wa wanawake wale walikuwa Wazungu, na weusi waliokuwamo saratani iliwarudia zaidi ingawa alama zilifanana. Tukiitwa kwenye utafiti, tusikimbie.

Tulimweleza Mama yote, na kwamba urithi una kipimo chake kingine.

"Kumbe waliuliza uvimbe," akasema, "hawakuniuliza mimi."

Kisha akaomba apewe mwanawe azungumze naye.